Amri ya Nane Uzaramoni

Sisi tuliobatizwa Kisarawe na Maneromango miaka ya mwisho ya ukoloni tulikua katika nyumba zenye dini mbili na mila moja. Baba yangu alikuwa Mlutheri. Kaka yake mkubwa alikuwa Mwislamu aliyesoma chuoni akahitimu, na bibi yetu aliyewazaa wote wawili hakuwahi kuona tatizo lolote. Pasaka tulikula kwetu, Idi tulikula kwa baba mkubwa. Mvua ikichelewa, wote watatu walijua nani wa ukoo anastahili kwenda makaburini na kaniki na unga wa mtama. Mtoto akishikwa na degedege usiku, hakuna aliyeuliza kama ni mtoto wa msikitini au wa kanisani.

Naandika habari za kizazi hicho kwa sababu kinaisha. Wengi wetu tumehamia Kibaha kuwafuata watoto waliojenga Visiga, Kwa Mathias na Mlandizi, na siku za ibada tunakaa viti vya mbele kwa sababu ya masikio. Kutoka hapo tunasikia vijana wakituhubiri. Wanasema wazee wa Pwani walikuwa Wakristo wa vuguvugu, mguu mmoja kanisani, mguu mwingine kwa mganga, na kwamba shida zote za wajukuu wetu, kuanzia biashara zisizokua hadi ndoa zinazovunjika, zimetoka katika madhabahu tulizoziacha. Kwamba watu wetu walikwenda kwa mganga ni kweli, tena wengi. Lakini wanaotusema hivyo hawajui walichokuwa wakikifuata huko, wala hawajui ni kitu gani hasa wachache kati ya wazee wetu walikikataa. Hicho walichokikataa ndicho ninachokiona kikirudi sasa, safari hii kupitia mlango wa mbele wa kanisa.

Injili ilifika kwetu mapema. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walishuka Dar es Salaam mwaka 1887, Johann Jakob Greiner akiwa wa kwanza, na kufikia 1892 walikuwa wameshapanda vilima vya Kisarawe. Maneromango ikafuata 1895. Wabenediktini walikuwa wamejenga Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 misheni yao ikavamiwa katika vita ya Abushiri. Mwaka 1903 vituo vya Kilutheri vilikabidhiwa kwa shirika jingine la Berlin lililokuwa limekwisha kuanza kazi kule Unyakyusa, na miongoni mwa waliokuja alikuwa Martin Klamroth. Huyu aliandika mambo ambayo wenzake waliyapita tu. Aliwauliza wazee habari za mizimu na za Kolelo, na maandishi yake juu ya imani za Wazaramo yalichapishwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kolelo alikuwa mzimu mwenye pango lake katika milima ya Uluguru. Wazaramo na Waluguru walimwendea kwa ajili ya mvua na mavuno, na baba yangu aliwajua watu ambao babu zao walikwenda kwa miguu. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale alipogawa maji kule Ngarambe, kwetu Uzaramo neno lilienea kwa jina la Kolelo: kwamba amekataza watu wasiendelee kumlipa Mzungu kodi. Vita ya Maji Maji ikapiganwa, ikashindwa. Kibasila, kiongozi wa Kizaramo katika vita hiyo, akanyongwa, na leo jina lake limebaki katika shule moja ya Dar es Salaam. Tangu hapo, Mkristo wa Kizaramo aliyeonekana akielekea makaburini na kitambaa alikuwa na mashaka mawili juu yake, la mchungaji na la serikali. Naamini hapo ndipo watu wetu walipojifunza kutambika kimya. Wakati mimi nazaliwa, kimya hicho kilikuwa kimekwisha kuwa tabia. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Ulikuwa tu hulisemi jambo hilo mbele ya mwalimu wa kanisa, na mwalimu wa kanisa, ambaye naye alikuwa na mama na shangazi, hakuuliza.

Nilisomea uuguzi, nikafanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Pwani mpaka nikastaafu. Kwa hiyo uganga niliuona upande wa nyuma, pale unapomfikisha mgonjwa kwetu. Mama anaingia alfajiri na mtoto begani. Kabla hajasema neno, harufu imekwisha kusema: moshi wa mavi ya tembo. Mtoto amefukizwa. Kanga aliyofungiwa imelowa, na ukiigusa unajua ni mkojo wa mama mwenyewe, kwa sababu hiyo nayo ni dawa ya degedege. Macho yamegeuka, mikono imekaza, joto linaunguza. Na mama, badala ya kusema mwanangu anakufa, anasema: nesi, nakuomba, usimchome sindano. Aliambiwa tangu akiwa mwali kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Na kweli alikuwa amewaona waliochomwa wakafa, kwa sababu walioletwa kwetu ni wale waliokwisha kuchelewa.

Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jambo hilohilo: kwamba mama wengi waliifahamu malaria kama ugonjwa wa hospitali, lakini degedege waliuona kitu kingine, cha shetani, na safari ya kwanza ilikuwa kwa mganga. Waliandika pia jambo ambalo sisi wauguzi tulilijua. Baadhi ya waganga wa degedege, wakishamtuliza mtoto, walisema wenyewe: sasa mpelekeni hospitali. Niliwafahamu wawili watatu wa namna hiyo. Walijua majani, walijua kumpoza mtoto kwa maji, na walijua wapi kazi yao inakoma. Sikuwahi kuwaona kuwa adui wa Kristo. Niliwaomba tu wasichelewe.

Mganga mwingine alikuwa yule mwenye ubao wa ramli. Huyu hakuanza na mtoto, alianza na maswali. Mmetoka wapi? Mumeo anaitwa nani, na mama yake nani? Mliachana vipi na yule wa kwanza? Shamba la mikorosho kagawiwa nani? Na watu walijibu yote, kwa sababu katika maisha yao hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuwauliza kwa utulivu hivyo. Mimi nesi nilikuwa na foleni. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi na baiskeli moja. Mganga alikuwa na usiku mzima. Alipokwisha kusikia ugomvi wote wa ukoo, akatikisa mchanga wake, akatoa alichokuja kuuziwa mtu: jina. Mara nyingi hata hakulitamka. Alisema ni mwanamke, ni wa damu yenu, mlango wake unatazama magharibi. Waliosikia walimalizia wenyewe njiani wakirudi.

Mgonjwa akipona, jina lile lilibaki. Akifa, lilibaki zaidi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiishi kijiji kimoja katika Masaki ya Kisarawe wasisalimiane mpaka mmoja anazikwa, na ukichimba chanzo unakuta usiku mmoja wa ramli kabla ya Uhuru. Hilo ndilo nililokuja kuliona kuwa moyo wa jambo lote. Na aliyenifundisha kuliona hivyo hakuwa msomi.

Kwa ajili ya kipaimara tulikariri Katekisimu Ndogo ya Luther, amri na maelezo yake, mpaka ukiamshwa usingizini unaisema. Walimu walipotaka kukemea uganga walikwenda amri ya kwanza, wakaenda ya pili ambayo Luther mwenyewe katika maelezo yake ameutaja uchawi. Hayo yalikuwa mahubiri ya kila mwaka: Mungu ni mmoja, tupeni hirizi. Watu waliitikia amina, wengine walizileta hirizi zikachomwa, kama Waefeso walivyochoma vitabu vyao katika Matendo ya Mitume. Miezi miwili ikapita, mtoto akaugua, hirizi nyingine ikafungwa, chini kidogo ya mahali pa ile ya kwanza ili shati liifunike.

Mwalimu wa mtaa wetu, mwinjilisti asiye na cheo aliyelipwa kwa mihogo kuliko kwa fedha, alianzia kwingine. Nilikuwa binti mkubwa wakati mke wa jirani yetu alipougua baada ya kujifungua. Alivimba, akawa anapoteza fahamu na kurudi. Ndugu walikwenda kwa mwenye ubao, wakarudi jioni na jina la mama mmoja mzee, mke wa zamani wa baba mkwe. Mwalimu alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na kitanda, anampa mgonjwa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, anapangusa mdomo, anangoja, anampa tena. Alilala pale. Usiku uliofuata alilala pale tena. Ndugu mmoja aliposimama katika maombi akaanza, Ee Bwana, wewe unamjua huyu mama anayeitwa, mwalimu alimkata. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: katika maombi haya hatutaji mtu, amri ya nane.

Nilikuwa naijua amri ya nane. Usimshuhudie jirani yako uongo. Tulifundishwa kuwa ni ya mahakamani na ya wasengenyaji kisimani. Haikuwa imenipitia akilini kwamba ni ya chumba cha mgonjwa. Luther anaeleza kuwa amri hiyo inatutaka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyachukulie kwa wema. Mwalimu aliishika hivyo hasa. Yule mke alifariki. Kwenye maziko, watu walipokuwa wanamkwepa mama mzee, mwalimu alikwenda kumchukua nyumbani kwake, wakatembea pamoja mpaka kaburini, akampa udongo mkononi autupe kabla ya wanaukoo. Hakuhubiri juu ya uchawi siku hiyo. Mama yule aliishi kijijini pale miaka mingi, akazikwa na watu.

Kutoka hapo nimeisoma Biblia kwa jicho hilo. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni la ramli: nani aliyefanya kosa, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa swali lenyewe. Hampi mtu yeyote jina. Anatengeneza tope kwa mate, anampaka kipofu machoni, anamtuma aende akanawe. Mganga wa majani angeuelewa ule udongo. Mwenye ubao asingelielewa lile jibu.

Kuna eneo moja ambalo kanisa la wazazi wetu lilikusanya mema na mabaya likayatupa kwa pamoja, nalo ni mambo ya mwali. Bibi yangu alikuwa na mwana hiti, kisanamu cha mti mweusi kisicho na mikono wala miguu, kichwani kimechongwa mithili ya nywele zilizosukwa pande mbili, kimeng'aa kwa mafuta ya nyonyo ya vizazi. Mwali aliyewekwa ndani alikiogesha, akakipaka mafuta, akakilaza, na kwa kukilea alifundishwa kulea. Siku ya kutoka, wanawake walimpeleka kwenye mkole. Misheni ilikataza. Wasichana wa Kikristo wakafanyiwa hayo usiku kwa shangazi wa Kiislamu, au wakakosa yote. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana aliichukua njia tofauti: aliziingiza jando na unyago katika maombi ya kanisa, akaziondolea alichoona hakifai. Sisi hatukuwa na Lucas. Tulikuja kupata Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliyekaa na watu wa Bunju nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kuandika kwa heshima yale ambayo mama zetu waliambiwa ni ya giza. Kitabu chake kilitoka 1970, na mume wake, mmisionari Lloyd Swantz, naye aliandika juu ya waganga wa Dar es Salaam. Kwangu ni jambo la uchungu kwamba mafundisho ya bibi zetu yanasomwa vyuoni Ulaya wakati wajukuu zangu Kibaha hawajawahi kuambiwa lolote na mtu mzima wa kike kuhusu miili yao, isipokuwa kwamba wajihadhari na jini mahaba.

Hapo nafika kwa kizazi cha sasa.

Kibaha ya leo si ile niliyoijua. Nilipokuwa msichana, watu walikuja kuitazama kwa sababu ya mradi wa nchi za Nordiki, ulioanza kwa makubaliano ya mwaka 1963 na kutuachia shule, hospitali ya Tumbi na kituo cha wakulima. Kando yake palikuwa pori na mikorosho. Sasa kutoka Kibamba mpaka Mlandizi ni nyumba, na waliojenga wametoka kila mkoa. Mchaga amepakana na Msukuma, Mhaya na Mmakonde, hakuna anayejua kaburi la babu wa jirani yake liko wapi. Ungedhani mizimu ingekosa njia. Badala yake hofu imeongezeka, kwa sababu usiyemjua ndiye unayeweza kumdhania lolote. Pembeni ya barabara ya Morogoro utaona vibao vya waganga vimepigiliwa kwenye miti na nguzo: mpenzi aliyekimbia, mali iliyoibwa, nyota iliyofifia, namba ya simu. Duka likikosa faida, ni chuma ulete. Kijana akifa ghafla, ni msukule. Utafiti wa Pew wa mwaka 2010 katika nchi za Afrika ulikuta zaidi ya Watanzania tisa katika kumi wanaamini uchawi upo. Hilo halikunishangaza hata kidogo, na sioni kwamba shule imelipunguza.

Na mita chache kutoka kibao cha mganga utakuta turubai, viti vya plastiki, spika mbili, na mkesha kila Ijumaa.

Niwape vijana wanaoongoza mikesha hii haki yao. Wanakesha. Makanisa yetu makubwa yanafungwa baada ya ibada, na mtu mwenye hofu saa nane za usiku anakuta geti na mlinzi. Chini ya turubai anakuta watu. Mwanamke anayepandisha mapepo hakemewi kwa kuvuruga ibada, anashikwa mikono, anafunikwa kanga, anasubiriwa. Wanayachukua maneno yake kwa uzito. Hawamwambii kuwa hayo ni ushamba. Katika hili wako karibu na yule mwalimu wetu wa mkekani kuliko tulivyo wengi wetu tunaokaa viti vya mbele. Na hawakuanza wao. Edmund John, mlei wa Kianglikana, ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alikuwa akiwaombea wagonjwa Dar es Salaam na mikoani tangu 1972 mpaka alipofariki 1975, na mkoa mzima ulijua.

Lakini kuna vitu viwili vimeingia. Cha kwanza ni bei. Mafuta ya upako, maji ya upako, chumvi, udongo, kitambaa. Februari mosi mwaka 2020, katika uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta. Simoni wa Samaria alitaka kuinunua karama kwa fedha, Petro akamkemea. Hilo kila mmoja analiona, na maaskofu wamelisema, sina la kuongeza.

Cha pili kinasemwa kidogo, na ndicho kinachonikosesha usingizi. Mhubiri anafumba macho, anasema: namwona mama mzee, mweupe kiasi, anatembea kwa kuchechemea, ni wa upande wa mume wako, yeye ndiye aliyefunga tumbo lako. Kanisa linalipuka kwa kelele. Mwanamke analia, kwa sababu mama mkwe anachechemea, na ndiye anayemlelea mtoto wa kwanza akienda kazini. Kesho yake mtoto anahamishwa. Mwezi unaofuata mama mkwe anarudishwa kijijini, Vikumbulu au Mzenga, akakae peke yake na pampu ya maji iko mbali. Najua nyumba tatu za namna hiyo katika mtaa ninaoishi. Serikali yetu ina jina la kazi hii ikifanywa na mganga: ramli chonganishi, na polisi wamewakamata watu kwa ajili yake. Ikifanywa madhabahuni inaitwa unabii, na inarushwa kwenye simu.

Mambo haya yana mwisho wake, tumeyaona. Usukumani akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo ni moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe maisha yote. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo mpaka serikali ikasimamisha leseni za waganga Januari 2009. Pwani yetu haijafika huko kwa kiwango hicho. Nataka isifike, na nataka kanisa lisiwe ndilo linaloifikisha.

Nikumbushe Loliondo, maana watu hupenda kunitupia mfano huo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa kanisa langu, Ambilikile Mwasapile, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi pale Samunge kwa shilingi 500, na nusu ya nchi ikapanda magari. Kutoka Kibaha waliondoka kwa Coaster. Kama nesi niliumia, kwa sababu waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na za kisukari waliziacha, na wapo tuliowazika. Sitasahau hilo. Lakini hakuna aliyerudi kutoka Samunge na jina la mtu. Babu hakumwambia yeyote kuwa ameroga au amerogwa na nani. Watu walikunywa, wakaombewa, wakarudi nyumbani kwa ndugu zao walewale. Ukinilazimisha kupima, hapo ndipo ninapotenganisha kosa na kosa. La dawa lilirekebishika kwa wengi waliobaki hai: walirudi kliniki. La jina sijawahi kuliona likirekebishwa na kliniki yoyote.

Ndiyo maana sikubaliani na wachungaji wa umri wangu wanaotaka vijana wakatazwe kukesha, wakatazwe kuombea mapepo, wafundishwe teolojia iliyokauka. Tulikuwa na hiyo, na watu walitoka nayo moja kwa moja kwenda kwa mwenye ubao. Wala sitaki tubishane na Mzaramo kama pepo kinyamkera yupo au hayupo. Bibi yangu alikuwa na uhakika yupo, na alikufa Mkristo mwema. Ninachodai ni sharti moja la wazee wetu, na lisimamiwe kwa ukali uleule tunaosimamia nao zaka: anayetaja mtu katika maombi anyang'anywe kipaza sauti.

Nimelisema hili kwa kijana mmoja anayeongoza mkesha si mbali na kwangu. Ni kijana mwenye bidii, anafunga kweli, na amewatoa vijana kadhaa kwenye bangi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi," alisema, "mtu akija kwangu anataka jina. Nisipompa, anatoka hapa anakwenda kwa atakayempa."

Nikamwambia amwache aende. Yule jirani yetu, aliyempoteza mke, alikasirika vilevile. Alikaa karibu mwaka mzima bila kukanyaga kanisani kwa sababu mwalimu alimnyima. Alikwenda kwa waganga wote, akapewa majina manne tofauti. Kisha alirudi, na hakurudi kwa sababu ya mahubiri. Alisema waliompa majina hakuna hata mmoja aliyekuja kulala kwake, na mtu pekee aliyemlisha mkewe uji kwa kijiko alikuwa yule aliyemkatalia. Kijana akauliza ni nani huyo mwalimu, ana huduma gani, kanisa lake kubwa liko wapi. Nikamtajia kijiji na kaburi. Kisha nikampa orodha ya akina mama wazee wa mtaa wetu waliohamishwa, na mahali walipopelekwa, na nikamwambia kabla ya mkesha ujao achukue bodaboda aende akawaone, akae mpaka jioni, aulize wanakula nini.